Moyo wa Kwa Baba

Mabika alirudi kutoka Mouila akiwa bado amevaa shingoni kadi ya jina aliyopewa kwenye warsha. Hortense alimwona tangu aliposhuka kwenye pikapu ya abiria pale barabarani, akaangalia anavyotembea, mabega mbele na kidevu juu, akajua kwamba huko alikoitwa hakukuwa kuzuri. Akasogeza beseni la mihogo, akampa mumewe nafasi kwenye benchi la jikoni.

"Soma hii," Mabika akasema, akamwinamishia kadi.

"Bila miwani nitasoma nini? Nisomee."

"Imeandikwa: Bwana Mabika, mtu wa mitishamba." Akakaa. "Miaka thelathini na minne nimeshika nyumba ya Bwiti. Watu wanatoka Libreville, wanatoka Ufaransa, wanakuja kupiga magoti hapa. Leo nimekuwa mtu wa mitishamba, kama yule mzee wa sokoni anayeuza dawa ya minyoo."

"Na chakula je?"

"Chakula kilikuwepo," alikubali shingo upande. "Kuku na wali. Lakini walituketisha nyuma, karibu na mlango wa choo. Mbele wakakaa wenye kompyuta. Halafu akasimama kijana mmoja wa kizungu, mpole, simlaumu, akaanza kutusimulia historia ya iboga. Akasema kwamba miaka ya sitini, kijana mmoja wa Marekani aligundua kuwa iboga inamtoa mtu kwenye dawa za kulevya. Aligundua, Hortense. Mzee Nzondo akaniinamia, si unaijua sauti yake, ukumbi mzima ukasikia: 'Kwani sisi ilikuwa imetupotea?'"

Hortense alicheka mpaka akaweka kisu chini. Mabika naye, ambaye alikuwa ameibeba hasira yake kutoka Mouila bila kumwaga hata tone, akaanza kucheka pia, akaivua ile kadi na kuitundika kwenye msumari wa mlango.

Mtu alikohoa chumbani. Mabika akageuza kichwa.

"Amekula?"

"Amekunywa chai. Nusu ameitapika."

Aliyekohoa ni Euloge, mtoto wao wa tatu, mwenye miaka ishirini na mitatu. Alikuwa fundi wa majokofu mjini Mouila, na fundi mzuri, mpaka alipoanza kumeza kobolo, vile vidonge vya maumivu vinavyouzwa kimoja kimoja vibandani. Mwanzoni alivimeza ili aweze kubeba majokofu juu ya ngazi. Baadaye akawa hawezi hata kuamka kitandani bila vidonge hivyo. Wiki tatu zilizopita mwenye nyumba alimtolea godoro nje, na bosi wake akampigia Hortense simu aende akamchukue.

"Jumamosi atakula mti," Mabika akasema. "Nimeshamwambia Nzondo. Watakuja na kinubi."

Hortense aliitikia kwa kichwa. Bwiti ya kwao, ile dini ya mababu na ya uganga, ni ya wanaume, wanawake wana ya kwao, na hakuwahi kuuvuka mlango wa ile nyumba wakati wa kazi. Lakini alikuwa akipikia wanaotoka. Alishaona watu wakiletwa wamekokotwa kama magunia, wakapewa maganda ya mzizi wa iboga, ndio huo mti, wakalala siku mbili tatu wakitazama maisha yao na wafu wao, kisha wakatoka wakiulizia chakula. Hakuwa na shaka na mti. Shaka aliyokuwa nayo hakuijua jina.

*

Siku ya Jumanne Hortense alikaa kwenye meza yake kando ya barabara, akiuza mihogo ya kufungwa kwenye majani. Euloge alikuwa amembebea furushi. Alitembea kama mzee, jasho likimtoka asubuhi yote hiyo, lakini alibeba.

Mke wa mwalimu akaja na kikapu chake. Akabonyeza kifurushi kimoja, akakirudisha, akabonyeza kingine.

"Hii ya leo haikuchanganyika na kobolo, Mama Euloge?"

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja gari waliziba midomo kwa kanga. Hortense akamhesabia chenji yake, akamwekea mkononi, akamtakia siku njema. Alipoondoka, Euloge akaketi chini karibu na miguu ya mama yake.

"Ungemjibu, Mama."

"Nimjibu nini? Ana midomo, na mimi nina muhogo. Kila mtu atumie alichonacho."

Euloge alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu arudi. Akachuma jani, akalikunja vipande vidogo vidogo.

"Naogopa Jumamosi," alisema. "Lakini naitaka. Nimechoka kuamka kila siku nikiwa na kazi moja tu ya kutafuta kidonge. Vijana niliowaona wakitoka kwa Baba... yule askari wa Lambaréné, unamkumbuka? Alitoka akaomba matunda ya atanga, akala beseni zima. Na mimi nataka kutoka vile."

"Utatoka," Hortense akasema.

Lori la magogo lilikuwa likipanda kilima. Lilipofika mbele yao tairi la nyuma lilipasuka, mlio wake kama bunduki. Wanawake wakaruka, kuku wakatawanyika, na dereva akaanza kutukana. Hortense alipogeuka, Euloge alikuwa amelala ubavu kwenye vumbi, macho wazi na meupe.

Alimwinua kichwa. Alimwita jina. Akaanza Salamu Maria, na hakuwa amefika katikati mwanawe alipovuta pumzi ndefu, akamtazama.

"Mbona niko chini?"

"Umeanguka. Ni vile vidonge."

"Aa, hii si vidonge, Mama." Alijifuta vumbi shavuni, bila wasiwasi. "Hii hunitokea. Hata shuleni, kengele ikilia ghafla. Inapita."

"Tangu shuleni? Kabla ya vidonge?"

"Kabla kabisa. Nilikuwa naona aibu kusema. Wangeniita mwenye kifafa."

Hortense alibaki ameshikilia kichwa cha mwanawe mapajani. Alikuwa amemwona mtu mwingine akianguka hivyo hivyo. Mondonga, shemeji yake, mdogo wake Mabika, tumbo moja. Miaka mingi nyuma walikuwa mtoni na wanawake wengine, mwindaji akafyatua bunduki ng'ambo, Mondonga akaanguka kwenye maji ya magotini, wakamtoa, akaamka akicheka. Miezi sita baadaye Mondonga alikula mti, na hakuamka.

Mkewe, Célestine, alisema kwamba mume wake alikuwa na ugonjwa wa kuanguka. Wanaume wakamuuliza aliujuaje. Kisha wakamuuliza aliutoa wapi ugonjwa huo akampa mumewe. Kufikia mwisho wa matanga, Célestine alikuwa mchawi aliyemla mumewe, na sanduku lake lilikuwa barabarani.

Ndiyo maana Hortense, aliporudi nyumbani jioni ile, alipika, akapakua, na hakusema neno.

*

Alhamisi pikapu nyeupe iliingia kijijini, akashuka mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na begi zito. Alikuwa Daktari Eyang, wa chuo kikuu, mtu wa Oyem, na kwa miaka mitatu alikuwa akifanya utafiti juu ya iboga. Mabika alimpokea barazani pamoja na Mzee Nzondo, mpiga kinubi, aliyekuwa amekuja mapema kwa ajili ya Jumamosi na kwa ajili ya mchuzi wa mawese wa Hortense.

"Nakukumbuka," Mabika alisema. "Kule Mouila ulikaa mbele."

"Nilikaa mbele, Baba. Nilicheka kuliko wote Mzee alipouliza kama ilikuwa imewapotea. Wakaniangalia vibaya."

Nzondo alivuta kiti karibu kidogo.

"Wewe ni Mfang," Mabika aliendelea, hajalegea bado. "Nyinyi mlichukua Bwiti kwetu, mkaijaza Yesu na mishumaa. Sasa umekuja kuchukua kilichobaki?"

"Babu yangu alikuwa akikiri hayo hayo, Baba, akishakunywa. Alisema: tuliiba, lakini tuliiba kwa heshima." Akafungua begi, akatoa karatasi zilizobanwa pamoja. "Sikuja kuchukua. Nimekuja kuomba. Hapa imeandikwa kwamba nikijifunza kitu kwenye nyumba yako, jina la nyumba yako linatangulia langu. Kwamba hakuna mzizi wala wimbo unaotoka bila ruhusa yako. Na kwamba nikipata jambo la hatari, nakuja kukwambia wewe kwanza, kabla ya gazeti. Hutaki, nanyanyuka, na kesho bado nitakusalimia."

Mabika alizipokea karatasi, akazisoma zote, ukurasa kwa ukurasa, kwa makusudi polepole. Daktari alisubiri. Hortense, aliyekuwa mlangoni na sinia la chakula, alimpenda kwa ule ukimya.

"Uliza unachotaka kuuliza," hatimaye Mabika alisema.

Aliuliza mengi. Mtu hutayarishwa siku ngapi. Nani hukataliwa. Akishaamka hula nini kwanza. Mabika alijibu na Nzondo akaongezea chumvi. Kisha daktari akaweka kalamu chini.

"Baba, hili swali nauliza kila nyumba, usilichukulie vibaya. Iboga huugusa moyo. Watu wengi haiwadhuru, wachache inawaua, na huko ng'ambo wameshakufa hospitalini, mbele ya mashine. Ninatafuta hao wachache. Katika nyumba hii au ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kufa akiwa kwenye mti? Au mtu anayezimia akishtushwa na mlio?"

"Hakuna," Nzondo alisema.

Mabika alitazama miguu yake. "Kulikuwa na mdogo wangu. Lakini yule alilogwa. Si mambo ya moyo."

Hortense alitoka mlangoni na sinia lake. Akaliweka mezani. Ulikuwa wakati wa yeye kurudi jikoni, na miguu yake haikurudi.

"Yupo anayezimia," alisema.

Wote watatu wakamgeukia.

"Mondonga alikuwa akizimia. Nilimwona mtoni, bunduki ilipolia. Tulikuwa wanawake wanne, na wawili wako hai, waulizeni. Na Euloge anazimia hivyo hivyo. Juzi tairi lilipasuka, akaanguka mbele yangu. Ameniambia ni tangu shuleni."

"Hayo ni maneno ya Célestine," Nzondo alisema.

"Ni maneno yangu, Mzee. Célestine alisema ya kwake, mkamfukuza. Mimi nasema ya kwangu, na hapa ni kwangu."

Mabika alisimama. Hortense alidhani atasema kitu, lakini aliteremka barazani, akapita nyuma ya nyumba, akashika njia ya mtoni. Chakula kilibaki kinatoa moshi. Daktari Eyang hakuandika chochote. Alimsogezea Hortense kiti chake.

"Mama, keti. Huyo kijana yuko wapi?"

*

Walimlaza Euloge kwenye mkeka sebuleni, kifua wazi, na daktari akambandika vipande vidogo vyenye nyaya.

"Nafanana na jokofu linalotengenezwa," Euloge alisema.

"Jokofu husema kweli. Nyamaza kidogo."

Mashine ilitoa karatasi ndefu yenye mistari. Daktari aliitazama, akarudia kipimo, akatazama tena. Mabika alikuwa amerudi. Alisimama mlangoni, viatu vimejaa tope la mtoni.

"Eleza kwa lugha ambayo mama yake ataielewa," alisema.

"Moyo unapiga, halafu unajiandaa kupiga tena. Wa Euloge unachelewa kujiandaa. Siku zote hakionekani kitu. Lakini mlio ukimshtua, moyo unaitwa kabla haujawa tayari, unajikwaa, anaanguka. Mpaka leo umekuwa ukiinuka wenyewe. Sasa iboga nayo huuchelewesha moyo. Na kobolo nayo haisaidii. Ukiweka kuchelewa juu ya kuchelewa, Baba..."

"Nimeelewa."

"Jumamosi ungemzika."

"Nimesema nimeelewa." Alikuja akaketi kwenye mkeka kando ya mwanawe, akaanza kufungua vifungo vya shati lake. "Nipime na mimi."

Karatasi ya Mabika ilitoka na mistari ya aina ile ile, ila hafifu zaidi. Daktari alisema kwamba watu wa aina yake wanaweza kuzeeka bila kujua, na kwamba ugonjwa huu hupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Inaelekea mama yake Mabika aliwapa wanawe wawili, kila mmoja kipimo chake. Mabika alihesabu kwa vidole mara ngapi alikula mti maishani, akaacha katikati.

"Angalia basi," Hortense alisema, kwa sababu mtu alipaswa kusema kitu. "Kwetu watoto ni wa ukoo wa mama, kila mtu anajua. Jina langu, ukoo wangu, wajomba zangu. Moyo tu ndio ameuchukua kwa baba."

Mabika alitoa kicheko kifupi kisichokuwa na nguvu. Euloge hakucheka. Aligeukia ukuta, mabega yake yakaanza kutikisika, na alipozungumza sauti ilitoka kama ya mtoto.

"Kwa hiyo mimi siponi."

Mabika aliweka kiganja chake kwenye mgongo wa mwanawe, akamtazama daktari, na usoni mwake mlikuwa na aibu ambayo Hortense hakuwahi kuiona.

"Nimewaponya watoto wa watu," alisema. "Kwa huyu wa kwangu, nyumba yangu imefungwa."

"Sikusema nyumba, Baba. Nimesema mti." Daktari alikuwa anakunja nyaya. "Nikuulize. Mtu akiingia kwako, kazi yote hufanywa na mti?"

"Nani kakwambia hivyo?" Alikasirika, na hasira ikamnyoosha mgongo. "Kabla ya mti kuna wiki nzima ya kukiri. Kuna kuoshwa kwa majani mtoni. Kuna baba wawili wa Bwiti wanaomshika mkono, mmoja huku, mmoja huku. Kuna kinubi cha Nzondo kinachomwonyesha njia. Na akishatoka kuna mwaka mzima wa kurudi hapa, kulima hapa, kula hapa, kuulizwa maswali na watu wanaomjua. Nyinyi mnaandika mti peke yake kwa sababu ndio unaoingia kwenye chupa."

Daktari aliziacha nyaya, akachukua kalamu.

"Naomba kuandika hilo," Daktari Eyang alisema.

"Liandike. Na uandike ni nani aliyesema."

*

Mzee Nzondo hakukubali kirahisi. Ijumaa kutwa alizunguka ua akisema kwamba Bwiti bila mti ni ngoma ya harusi, na kwamba tangu lini mistari ya karatasi imekuwa mkubwa wa nyumba. Mabika alimwacha azunguke. Jioni akamletea kibuyu cha pombe ya mchikichi, wakaketi.

"Kama ni mwanao, ungempa?" alimuuliza.

Nzondo alikunywa. "Kinubi changu kina nyuzi nane," alisema baadaye. "Zinahitaji kubadilishwa mbili. Niletee uzi."

Kabla ya kulala, Hortense alikuwa akifunga mihogo ya kesho. Mabika alikuja jikoni, akaanza kumchagulia majani, kazi ambayo hakuifanya tangu walipooana.

"Ulijua miaka yote?"

"Nilijua anaanguka. Sikujua ni nini."

"Mbona hukuniambia?"

"Célestine alikwambia. Mlimfanya nini?"

Alichagua majani mengine mawili matatu. Yale yaliyopasuka aliyaweka kando.

"Sanduku nililibeba mimi," alisema. "Mpaka barabarani. Lilikuwa zito, nikalibwaga, kufuli likafunguka, nguo zikatoka. Alikuwa anaziokota, na mimi nimesimama."

"Najua. Nilikuwa dirishani."

Hortense akamsogezea rundo jingine la majani.

Jumamosi watu walikuja kama walivyoalikwa. Mabika aliwapanga uani kabla hawajaingia, akawaambia mambo matatu: mtoto hali mti, bunduki haifyatuliwi, hata ya salamu, na ngoma ianze polepole kama mtu anayebisha hodi. Wapo walionong'ona. Mmoja aliuliza sasa wamekuja kufanya nini. "Kufanya yote mengine," Mabika alisema, akawatangulia kuingia.

Asubuhi ya Jumapili Hortense aliweka chungu cha kuku wa mawese katikati ya ua. Wanaume walitoka mmoja mmoja, nyuso zimepakwa udongo mweupe, wamechoka. Euloge alitoka wa mwisho, amemshika Mzee Nzondo mkono, au Nzondo ndiye aliyemshika yeye. Hakuwa ameona wafu wake wala hakusafiri popote. Alikuwa amekiri. Alisema mbele ya watu ishirini kila alichouza, kila aliyemdanganya, na siku ile alipomwambia mama yake kwenye simu kwamba yuko kazini, naye yuko kwenye mtaro. Kisha wakamwimbia mpaka alfajiri kwa ajili ya hayo.

"Ameona nini?" mwanamke mmoja akamnong'oneza Nzondo.

"Mtu akikiri akiwa na akili zake zote," Nzondo alisema, "sisi ndio tunaoona." Akaomba paja la kuku.

Euloge hakupona siku ile. Jumatatu alikwenda na daktari mpaka hospitali ya Mouila, akapewa dawa ya moyo, na vidonge vile vikapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki tano, kwa mahesabu. Alitapika, hakulala, alimtukana muuguzi, akamwomba radhi. Kila Ijumaa alirudi nyumbani na pikapu ya abiria. Alioshwa kwa majani, akalima mihogo na Nzondo, akaulizwa maswali. Wiki ya saba alitengeneza jokofu la mke wa mwalimu. Hakumtoza pesa. Alimwambia tu alete kikapu kwa mama yake kila siku asubuhi, na abonyeze taratibu.

*

Ilipoingia kiangazi, Mabika alimfuata Daktari Eyang na ombi. Alitaka barua.

"Andika kwamba Mondonga hakulogwa."

"Hilo siwezi kuliandika, Baba. Sikumpima, na uchawi si somo langu. Naweza kuandika nilichokiona kwenu wawili, na alichosimulia Mama. Na kwamba ugonjwa kama huu mtu huzaliwa nao. Mke hawezi kumpa mumewe."

"Hiyo ya mwisho," Mabika alisema. "Hiyo iandike kwa herufi kubwa."

Walipanda gari mapema, yeye na Hortense, mpaka Fougamou, ambako Célestine alikuwa akiishi kwa watu wa ukoo wake na kuuza samaki wa kukaushwa. Walimkuta uani, akigeuza samaki juu ya moto. Alikuwa amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe zote. Aliwatazama mpaka wakafika karibu kabisa. Hakuwapa kiti.

"Shemeji," Mabika alisema.

"Sina shemeji huko ulikotoka."

Hortense alishusha kikapu cha mihogo chini, akabaki amesimama. Wajukuu wawili walitokeza mlangoni. Jirani aliyekuwa akifua akaacha kusugua.

"Euloge wetu ana ugonjwa wa kuanguka," Mabika alisema. "Na mimi ninao. Tumepimwa kwa mashine. Mondonga aliupata tumboni mwa mama yetu. Ulisema kweli, nasi tulikufukuza." Akatoa barua mfukoni. "Imeandikwa hapa."

Célestine alipangusa mikono yake kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole.

"Nani alisema? Mwanzo kabisa, nani alifungua mdomo?"

"Hortense."

Alimtazama Hortense. Kisha akageuka, akawaita kwa majina: wajukuu, jirani na mumewe, mwanamke wa nyumba ya tatu, na kaka yake aliyekuwa amelala ndani, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akila chakula cha dada yake bila kuacha kukichungulia kwanza, akihofia uchawi. Walipokusanyika waliokuwa karibu, wengine wamesimama, wengine wameketi kwenye magogo, Célestine alivuta kigoda, akaketi katikati yao, akakunja mikono.

"Soma," alimwambia Mabika. "Kwa sauti ile mliyonifukuzia."

Mabika alisoma. Mara mbili alianza sentensi upya. Alipofika kwenye maneno kwamba mke hawezi kumpa mumewe ugonjwa huu, kaka yake Célestine aliinamisha kichwa. Alisoma mpaka tarehe, mpaka sahihi, mpaka jina la chuo. Samaki walianza kuungua na hakuna aliyewageuza.

Alikunja barua, akamnyooshea. Célestine hakuipokea.

"Soma tena," alisema. "Yule wa nyumba ya tatu amechelewa kufika."